Maji Ukiyavulia Nguo: Siku Moja Mtoni Nile na Msituni Mabira

Wahenga walisema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hawakusema, hata hivyo, afanye nini yule aliyekwisha kuyavulia nguo mbele ya mkewe na wanawe, ilhali moyoni anajua kwamba kuogelea hajui. Hayo ndiyo yaliyomfika Sajini mmoja wa polisi, mkazi wa kambi moja mjini Kampala, Jumamosi aliyoipeleka jamaa yake kutembea Jinja. Kisa chake chafaa kusomwa na jamaa zote zikaazo kambini. Kwanza, wengi hudhani kwamba matembezi ya namna ile ni ya wageni watokao ng'ambo tu. Pili, jambo alilojifunza Sajini siku ile halihusu mto peke yake.

Chanzo cha safari kilikuwa ahadi. Binti yake mkubwa alipokuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, baba alimwambia, "Ukifaulu vema, mahali pa kutembea utachagua mwenyewe." Alidhani binti angechagua Entebbe akatazame wanyama, au nyumbani kwa shangazi yake. Matokeo yalipotoka, yakiwa mazuri, binti akachagua Mto Nile: asubuhi kuteremka maporomoko kwa mashua ya mpira, na alasiri, njiani wakirudi, kupita juu ya vilele vya miti katika msitu wa Mabira. Ahadi ni deni. Mama Watoto akatoa sehemu ya akiba yake ya kikundi cha akina mama wa kambi, Sajini akatoa yake, na gharama ikatimia.

Zikaletwa fomu za kujiandikisha. Fomu ile iliuliza jina, umri na maradhi, kisha ikauliza: je, unajua kuogelea? Mama, aliyezaliwa kando ya ziwa katika nyumba ya mvuvi, aliandika "Ndiyo." Binti aliandika "Kidogo." Sajini alikaa na kalamu mkononi kitambo, akaandika "Ndiyo," akaikunja karatasi upesi kama mtu anayeficha barua.

Haikuwa majivuno matupu yaliyomwongoza mkono. Mnamo Novemba 2018, chombo kilichobeba watu waliokuwa katika starehe kilipinduka katika Ziwa Viktoria upande wa Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa maji. Ilielezwa baadaye kuwa abiria wengi hawakuwa wamevaa majaketi ya kuelea. Sajini alikuwa miongoni mwa askari waliosimama ufukoni kuwazuia watu wasijazane. Aliwaona wavuvi wakiingia majini na kutoka, naye akabaki nchi kavu na sare yake iliyopigwa pasi. Hakuna aliyemlaumu, kwani kazi aliyopewa ilikuwa ya nchi kavu. Lakini tangu siku ile lilimkaa rohoni neno ambalo hakumwambia mtu: kwamba hata kama angeamriwa kuingia, asingeweza. Neno hilo alilificha miaka yote, na mbele ya fomu ile akalificha tena.

Waliondoka alfajiri kwa gari la abiria. Kutoka Kampala hadi Jinja ni mwendo wa kilomita 80 hivi, na sehemu ya njia hiyo hupenya katikati ya Mabira. Ukungu ulikuwa bado umetanda chini ya miti, na hewa ikawa baridi ghafla kana kwamba mtu amefungua mlango wa ghala. Binti alisoma katika kijitabu chake kwamba msitu huo una ukubwa wa kilomita za mraba 300 hivi, na kwamba umekuwa hifadhi tangu mwaka 1932. Ndugu yake mdogo, mwenye miaka tisa, aliuliza kama ndani mna simba. Mama akamjibu kwamba mna kima na ndege wengi, na kwamba wote hao wana adabu kuliko yeye.

Mtoni walimkuta nahodha wao, kijana asiyepita miaka 25, mwenye mabega mapana na sauti ya upole. Mtoto mdogo hakuruhusiwa katika mashua. Mama mmoja wa hapo, mwenye kazi ya kuwapikia wasafiri, akakubali kukaa naye hadi wazazi warudi. Kila msafiri akapewa kofia ngumu, kafi na jaketi la kuelea. Nahodha mwenyewe alipita kwa kila mmoja akivuta mikanda ya jaketi, akaikaza hadi Sajini akahisi kifua kinabanwa.

"Likipwaya," alisema kijana, "litabaki juu ya maji, na wewe utabaki chini."

Kisha akawafundisha amri chache: mbele, nyuma, shikeni kamba, inameni. Akawaeleza kwamba maporomoko hupimwa kwa madaraja, kuanzia la 1, ambalo ni maji yanayocheza tu, hadi la 6, ambalo wasafiri wa matembezi hawapelekwi. Yale makubwa wangeyapita kwa miguu, mashua ikibebwa. Akaeleza pia la kufanya mashua ikipinduka. Mtu ashike kamba inayozunguka mashua asiiachie. Akijikuta chini ya mashua, aisukume juu kwa mikono na kwenda upande mmoja tu mpaka atokee. Akichukuliwa na maji, alale chali, miguu iwe mbele, vidole vya miguu vionekane juu ya maji. Asijaribu kamwe kusimama penye mkondo mkali, maana mguu unaweza kunaswa kati ya mawe na maji yakamlaza. Mwisho, avute pumzi wimbi linaposhuka, wala si linapompiga usoni.

"Sasa," akasema nahodha, "hapa pana maji matulivu. Kila mmoja atajirusha, aelee kidogo, arudi mashuani. Nani hajui kuogelea? Anayesema sasa hapungukiwi na kitu. Ninayemwogopa ni yule ninayemgundua katikati ya mto."

Walikuwa wasafiri wanane, wengine wakiwa vijana wa chuo. Hakuna aliyeinua mkono. Sajini alitazama maji. Mkewe alimtazama yeye. Miaka 17 ya ndoa humfundisha mtu kusoma shingo ya mwenziwe, na Mama Watoto aliiona shingo ile imekakamaa. Hakusema lolote la kumfedhehesha. Alimsogelea na kumwambia kwa sauti ya chini, "Baba Watoto, mficha maradhi kifo humuumbua."

Sajini akainua mkono. "Nahodha," alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita kijana yule kwa cheo chake, "mimi sijui. Niliandika kuwa najua. Niliandika uongo."

Wale vijana wa chuo walinyamaza. Binti akainamisha uso, kisha akauinua. Nahodha hakucheka wala hakukemea. Alimwambia, "Ahsante, Afande. Jaketi haliulizi kama mtu anajua kuogelea. Linauliza kama limefungwa." Akamhamisha kutoka kiti cha mbele, ambako Sajini alikuwa amejiweka mwenyewe, akamketisha nyuma karibu yake. Akawaita vijana wawili waliokuwa katika mitumbwi midogo ya kuokolea, akawaonyesha: huyu hapa mumwangalie kwanza. Mara baada ya Sajini kukiri, msichana mmoja wa chuo naye akainua mkono.

Sajini aliingia majini akiwa ameshika kamba kwa mikono miwili. Jaketi likamwinua. Alikaa juu ya maji kama chupa tupu, akastaajabu.

Mto waliouteremka si mto wa kawaida. Hutoka Ziwa Viktoria hapo Jinja na kuianza safari ya maelfu ya kilomita hadi Bahari ya Kati. Inasemekana maji ya Jinja huchukua kiasi cha miezi mitatu kufika huko. Mwingereza John Hanning Speke alipofika hapo Julai 1862 aliyakuta maporomoko, akayaita Ripon, ijapokuwa wenyeji walikuwa na jina lao tangu zamani. Maporomoko hayo hayaonekani tena. Yalifunikwa lilipojengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo leo huitwa Nalubaale.

Katika poromoko la kwanza na la pili mashua ilipanda na kushuka, watu wakapiga makafi kwa amri moja, wakapita salama wakicheka. Sajini alitambua jambo ambalo askari yeyote angelitambua: kwamba watu wanane wakipiga kafi kila mtu kwa wakati wake ni kelele tu, bali wakipiga kwa pamoja ni nguvu. Alitambua pia kwamba amekaa muda mrefu bila kutii amri ya mtu mdogo kwake, na kwamba kutii huko hakukumpunguza kimo.

Katika poromoko la tatu wimbi lilisimama mbele yao kama ukuta mweupe. "Shikeni!" nahodha alipiga kelele. Mashua ikapanda upande mmoja, ikasita, ikapinduka.

Sajini hakujua lipi juu lipi chini. Palikuwa giza na ngurumo. Mkono wake uligusa mpira wa mashua kichwani pake, akakumbuka: sukuma, upande mmoja tu. Akasukuma, akatokea nje. Kamba ilikuwa imemponyoka na mkondo ukamvuta. Mwili wake wote ulitaka kusimama, kutafuta ardhi kwa miguu, kama mtu anayeamka usiku na kutafuta viatu. Akajilaza chali. Akatanguliza miguu. Wimbi likampiga, akafunga kinywa. Likashuka, akavuta pumzi. Likampiga tena, likashuka tena. Katikati ya ngurumo alisikia sauti ya binti yake ikiita, "Baba, miguu juu! Miguu juu!"

Pua ya mtumbwi mdogo ikafika ubavuni pake. "Shika hapa, Afande," kijana wa mtumbwi akasema, bila haraka. Alikuwa amekwisha kuelekea kwake kabla hata mashua haijamaliza kupinduka, kwa kuwa aliambiwa tangu mwanzo nani wa kuangaliwa. Yote hayo hayakuchukua zaidi ya dakika moja. Waliporudi mashuani wakahesabiana: wanane na nahodha. Mama Watoto alikuwa amekwisha kupanda peke yake, akikamua kitambaa chake cha kichwa kama aliyetoka kufua. Alimtazama mumewe, akasema, "Sasa umeyaoga."

Wakati wa chakula cha mchana, ukingoni, mtoto mdogo akiwa mapajani pa mama yake, binti alimwonyesha baba picha katika kijitabu. Ilikuwa picha ya maporomoko ya Bujagali. "Haya tutayapita saa ngapi?" aliuliza.

"Haya hayapo tena," Sajini alijibu. Akawasimulia kwamba alipokuwa kuruta aliwahi kuletwa hapo na wenzake. Palikuwa na vijana wa hapo waliojitosa katika maporomoko hayo wakiwa wameshika mtungi wa plastiki tu, wakatokea chini wakiwa hai, na watazamaji wakawapa fedha. Yeye alitazama kwa mbali, mgongo kwenye mti. Kisha maji ya bwawa jipya yakayafunika. Kituo cha umeme cha Bujagali, chenye uwezo wa megawati 250, kilizinduliwa mwaka 2012. Mwaka 2019 kikafuatia cha Isimba, megawati 183, ambacho bwawa lake lilifunika maporomoko mengine zaidi chini ya mto. Biashara ya kuwateremsha wageni, iliyoanza mwaka 1996, imefupishwa na kuhamishwa mara kwa mara kuyafuata maporomoko yaliyobaki.

"Basi walikosea kujenga?" binti aliuliza.

Sajini hakujibu upesi. "Kitabu ulichosomea mtihani," alisema hatimaye, "ulikisoma usiku kwa taa gani?" Binti akanyamaza. "Sisemi ni jambo jepesi. Nasema kila taa ina gharama yake, na aliyeiwasha heri aijue."

Nahodha, aliyekuwa akisikiliza, aliongeza kwamba katika mapatano yaliyofanywa wakati wa ujenzi wa Bujagali, serikali iliahidi kuyahifadhi maporomoko ya Kalagala yaliyo mbele zaidi. "Ndiyo maana bado tuna kazi," alisema.

Alasiri waligeuka kuelekea Mabira, wakaacha barabara kuu Lugazi na kufuata njia ya vumbi kati ya miwa na mashamba ya chai hadi ukingo wa msitu. Huko nyaya za chuma zimetandazwa kutoka mti hadi mti, juu kabisa, na mpitaji huvishwa mikanda ya kiuno na mapaja, akaning'inizwa kwa kapi, akateleza kutoka jukwaa hadi jukwaa. Nchini Rwanda, katika msitu wa Nyungwe, tangu mwaka 2010 kuna daraja la kuning'inia lenye urefu wa meta 160 hivi ambalo watu hulipita kwa miguu juu ya miti. Namna ni mbali mbali, lakini faida ni moja: mtu kuuona msitu kutoka upande ambao ndege huuona.

Mama Watoto alitazama juu, akapima urefu wa mti kwa macho, akavua mikanda aliyokwisha kuanza kuvishwa. "Mimi siendi," alisema. "Maji nayajua. Huko sikujui. Nitakaa hapa na mtoto." Akaketi juu ya gogo, akafungua kikapu, akaanza kumenya chungwa.

Sajini alisimama akimtazama. Maneno hayo machache, "mimi siendi," yalimtoka mkewe bila jasho, bila kuomba radhi, na hakuna aliyemdharau. Yeye yalimchukua miaka, na yakamtoka mbele ya wageni.

Alipanda yeye na binti. Kiongozi alikagua kila ndoana mara mbili na kuwaonya: mkono wa glavu ukae nyuma ya kapi, usitangulie mbele, la sivyo vidole vitasagwa. Binti akatangulia. Alipiga ukelele mmoja, kisha akanyamaza, na ukimya wake ulikuwa wa mtu anayetazama. Sajini akafuata.

Huko juu hapakuwa na giza kama chini. Jua lilikuwa limelala juu ya majani kama juu ya shamba. Mivule mikubwa iliinua vichwa juu ya mingine. Mikuyu mingine ilikuwa imeikumbatia miti mwenyeji hadi kuinyonga, ikasimama yenyewe mahali pake. Kundi la kima wenye mikia myekundu liliwatazama kidogo, likaendelea na shughuli zake. Kutoka jukwaa la mwisho waliona pale msitu unapokoma na miwa inapoanza, mpaka ulionyooka kama uliochorwa kwa rula.

Mwaka 2007 palizuka mabishano makali nchini kuhusu mpango wa kutoa hekta 7,100 za msitu huo zilimwe miwa. Watu waliandamana Kampala, maisha yakapotea, na mpango ukasimamishwa. Binti alikuwa bado hajazaliwa. Aliuliza kama mahali waliposimama pangekuwa miwa. Baba alimjibu kwamba hajui mpaka ungepita wapi, lakini kwamba mti wa namna ile hauoti kwa msimu mmoja kama muwa, na anayetaka kuukata sharti afikirie mara mbili zaidi.

Walifika kambini usiku, wamechoka, nguo zikinuka mto.

Jamaa itakayopenda kufuata nyayo zao izingatie mambo machache. Fomu ijazwe kwa ukweli wote, hasa maradhi ya moyo, kifafa, ujauzito na kutojua kuogelea. Jaketi na kofia vikaguliwe na kiongozi mwenyewe, na asiyekaguliwa asiingie. Mlevi asisogee mtoni. Watoto wadogo wapelekwe sehemu tulivu au wabaki ufukoni na mtu mzima mwenye kuaminika. Miwani ifungwe kwa kamba, na pete ziachwe nyumbani. Chombo kisicho na jaketi kwa kila abiria kisipandwe, hata kama ni cha kuvuka maji kwa robo saa tu. Na mwenye cheo akumbuke kwamba mashuani kuna nahodha mmoja.

Jumatatu, baada ya gwaride, wenzake Sajini walitaka kusikia habari. Angeweza kuanza na wimbi lililosimama kama ukuta. Alianza na fomu. Aliwaeleza alichoandika, na sababu yake, hata akafika ufukoni Mukono. Wakati anasimulia, koplo mmoja aliacha kucheka. Alipomaliza, koplo yule akasema, akitazama viatu vyake, kwamba naye hajui. Askari mwingine akasema hivyo hivyo. Walikuwa watatu.

Jumapili iliyofuata, asubuhi na mapema, watatu hao walionekana wakitoka kambini na taulo mabegani, wakienda kwenye bwawa la kuogelea la shule iliyo jirani. Mbele yao, akiwa amebeba kikapu na kitambaa chake cha kichwa kimefungwa barabara, alitangulia mwalimu wao: Mama Watoto.